Kijineno Kabla ya Kitenzi

Tarehe 14 Februari 842, ndugu wawili walikutana Strasbourg mbele ya majeshi yao. Louis alitawala mashariki mwa milki iliyojengwa na babu yao, Charlemagne. Charles, ambaye historia imembandika jina la Kipara, alitawala magharibi. Wote wawili walikuwa vitani na kaka yao mkubwa, Lothaire, na siku hiyo walitaka kuapa hadharani kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake. Kila mmoja aliapa kwa lugha ya jeshi la mwenzake ili askari wa upande wa pili wasikie wenyewe: Louis kwa lugha ya magharibi, iliyozaliwa na Kilatini, na Charles kwa Kijerumani cha wakati huo. Kisha majeshi nayo yakaapa, kila moja kwa lugha yake. Nithard, binamu yao, naye mjukuu wa Charlemagne, aliandika historia ya ugomvi huo kwa Kilatini, lakini alipofika kwenye viapo aliyaacha maneno kama yalivyotamkwa.

Maneno hayo ya upande wa magharibi ndiyo maandishi ya kale zaidi tuliyonayo ya lugha ambayo leo tunaiita Kifaransa. Mimi, ninayesoma shahada ya uzamili katika isimu na kufundisha Kifaransa jioni ili nilipe kodi ya chumba, huwa narudi zaidi kwenye kiapo cha askari kuliko cha wafalme. Askari wa Charles waliapa hivi: iwapo Louis atashika ahadi yake na bwana wao Charles akaivunja, nao wasiweze kumrudisha kutoka huko, basi hawatamsaidia kwa lolote dhidi ya Louis. Ndani ya sentensi hiyo moja mna vijineno vinne vidogo. Kuna l', yaani yule anayerudishwa; int, yaani kutoka huko; li, yaani yule anayenyimwa msaada; na iu, yaani katika jambo hilo. Kwa Kifaransa cha leo ni le, en, lui na y. Ukoo mzima wa viwakilishi vya yambwa, ule unaowatoa jasho wanafunzi kuanzia Dakar hadi Bujumbura, ulikuwepo tangu siku ya kwanza, nao ulikuwa na kazi nzito ya kumtaja mfalme anayeweza kugeuka.

Kilatini hakikuwa na vijineno vya namna hii kwa nafsi ya tatu. Kilikuwa na illum na illam, maneno kamili yenye maana ya "yule", ya kiume na ya kike, yanapokuwa yambwa. Neno la silabi mbili lina miguu yake. Linaweza kutangulia sentensi, kukaa katikati au kuja mwishoni, kutegemea msemaji anataka kusisitiza nini. Lakini maneno yanayotumika kila dakika huchakaa kama ngazi za mawe za msikiti wa zamani. Silabi ya kwanza ililiwa, ya pili ikafifia, na kufikia zama za Charlemagne midomoni mwa watu yalikuwa yamebaki makombo ambayo baadaye yangekuwa le na la. Kombo la namna hiyo haliwezi kusimama lenyewe. Lazima liegemee neno jirani, na jirani wake wa karibu alikuwa kitenzi.

Suala likawa: liegemee upande gani? Hapo ndipo historia inapovutia, kwa sababu kanuni ya kale haikuwa ile tunayofundishwa leo. Mwaka 1875 Adolf Tobler alieleza jambo alilolibaini katika Kifaransa cha zama za kati, na mwaka 1886 Adolf Mussafia akalieleza katika Kiitaliano cha kale. Ndiyo maana wanaisimu huliita kanuni ya Tobler na Mussafia. Kwa ufupi, kijineno hiki dhaifu hakikuruhusiwa kufungua sentensi. Palipokuwa na neno lingine mbele, liwe kiima, kielezi au kikanushi, kilikaa kabla ya kitenzi. Lakini kitenzi chenyewe kilipotangulia, kijineno kilirudi nyuma yake, kama mtoto mwenye haya anayejificha nyuma ya khanga ya mama mgeni anapobisha hodi.

Kanuni hiyo ilikufa karne nyingi zilizopita, ila iliacha mifupa yake mahali ambapo kila mwanafunzi wa Kifaransa huikanyaga. Tunaambiwa tuseme Regarde-le!, "Mtazame!", kijineno kikiwa nyuma, lakini Ne le regarde pas!, "Usimtazame!", kijineno kikiwa mbele. Vitabu vya kozi huliweka jambo hili kama amri mbili tofauti za kukariri. Kumbe ni kanuni moja ya kale. Katika amri ya kawaida kitenzi ndicho kinachofungua sentensi, kwa hiyo kijineno hujificha nyuma. Katika katazo, ne imeshatangulia na mlango umefunguliwa, kwa hiyo kijineno hupita mbele bila hofu.

Wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao watu wazima wanaofanya kazi hotelini au wanaojiandaa kwenda kusoma nje, wana swali lingine ambalo huja kila muhula bila kukosa. Kwa nini tunasema il me le donne, "ananipa hicho", mpokeaji akitangulia kitu, lakini il le lui donne, "anampa hicho", kitu kikimtangulia mpokeaji? Jibu la vitabu ni jedwali la safu tano: me, te, se, nous, vous kwanza, kisha le, la, les, kisha lui, leur, halafu y, mwisho en. Jedwali linasema kweli, ila linajibu swali la "vipi" kwa mtu aliyeuliza "kwa nini".

Sababu ni kwamba hayo ni mabadiliko yaliyoishia njiani. Katika Kifaransa cha zama za kati kitu kilitangulia mpokeaji kwa nafsi zote. Watu walisema le me, le te, kama walivyosema le li. Kuanzia mwishoni mwa zama za kati, mpangilio ulianza kupinduka kwa nafsi ya kwanza na ya pili, mpaka kufikia karne ya 17 me le na te le vilikuwa vimeshinda. Upinduaji haukuwahi kufika nafsi ya tatu, na le lui imebaki pale ilipoachwa. Wala haukufika kwenye amri: bado tunasema Donne-le-moi!, kitu mbele, mpokeaji nyuma, kama watu wa karne ya 13. Mwanafunzi anayechanganyikiwa hapa anakutana na tabaka mbili za wakati zilizoachwa ndani ya sentensi moja, na hana haja ya kudhani kwamba kichwa chake ni kizito.

Ilipofika karne hiyo ya 17, mpangilio wa vijineno ulikuwa umeshaingia sebuleni. Mwaka 1647 Claude Favre de Vaugelas alichapisha Remarques sur la langue française, kitabu kilichokuja kuwa hakimu wa usemaji mzuri. Vaugelas alizaliwa Meximieux, mji uliokuwa chini ya watawala wa Savoy wakati huo, nje ya mipaka ya ufalme wa Ufaransa. Aliyewafundisha Wafaransa Kifaransa alikuwa mtu wa kuja. Kipimo chake kilikuwa matumizi mazuri, yaani jinsi sehemu iliyo bora zaidi ya watu wa ikulu ilivyozungumza, sambamba na waandishi waliokubalika. Mojawapo ya maswali aliyoyachambua lilikuwa hili: tuseme il se vient justifier au il vient se justifier, "anakuja kujitetea"? Kijineno kipande juu kwenye kitenzi cha kwanza, au kibaki na kitenzi chake? Vaugelas alikubali yote mawili, lakini akalipa ushindi la kwanza kwa sababu ndilo lililotumika zaidi.

Kwa upande wa historia hakuwa amekosea. Askari wa mwaka 842 nao walifanya hivyohivyo: katika kiapo chao l'int haikukaa na "kurudisha" bali na "kuweza". Lakini matumizi, ambayo Vaugelas aliyafanya mfalme, hayakumtii. Katika karne zilizofuata lile la pili lilipanda, la kwanza likashuka, na leo mwanafunzi anayeandika je le veux voir badala ya je veux le voir huchorewa mstari mwekundu. Angeandika hivyo kwenye ikulu ya Louis wa Kumi na Nne, angeonekana mtu aliyelelewa vizuri.

Si wote walioinamisha kichwa mbele ya mahakimu hao. Kisa kinachosimuliwa sana kinamhusu Madame de Sévigné, mwandishi wa barua mashuhuri, na Gilles Ménage, mwanazuoni wa lugha. Ménage alimwambia kwamba ana mafua. Bibi huyo akajibu je la suis aussi, "nami pia niko hivyo", akitumia la ya kike kwa kuwa yeye ni mwanamke. Ménage akamsahihisha: kanuni inataka le, kwa sababu kijineno kinasimama mahali pa hali, hakisimami mahali pa mtu. Bibi akamwambia aseme apendavyo yeye. Kwa upande wake, akisema le angejiona ameota ndevu kidevuni. Le ndiyo iliyoingia kwenye vitabu vya sarufi. Hata hivyo napenda kumkumbuka mwanamke huyu, aliyekijua Kifaransa kuliko wengi waliokitungia sheria, akikataa herufi moja kwa sababu haikufanana naye.

Hadi hapa ugomvi ulikuwa wa watu wenye viti vya kukalia. Kijineno hiki kina historia nyingine, na hiyo ilitokea kambini.

Mwaka 1857 Ufaransa iliunda kikosi cha askari Waafrika nchini Senegal, chini ya gavana Louis Faidherbe. Waliitwa tirailleurs sénégalais, "wapiga risasi wa Senegal", ingawa baadaye wengi wao walitoka nchi ambazo leo ni Mali, Burkina Faso, Guinea, Côte d'Ivoire na kwingineko. Katika Vita Kuu ya Kwanza, karibu wanaume 200,000 waliandikishwa kutoka makoloni hayo, wengi kwa nguvu, na wengi wakapelekwa kupigana Ulaya. Wakubwa wao wa Kifaransa walihitaji kuwaamuru. Mwaka 1916 mchapishaji mmoja wa vitabu vya kijeshi mjini Paris alitoa kijitabu kisicho na jina la mwandishi, Le français tel que le parlent nos tirailleurs sénégalais, yaani "Kifaransa kama wanavyokizungumza askari wetu wa Senegal".

Msomaji atadhani ni kijitabu cha kuwaeleza askari hao. Kilikuwa cha kuwafundisha maofisa wa Kifaransa namna ya kuongea nao. Kilipendekeza Kifaransa kilichonyolewa: vitenzi visibadilike, jinsia za nomino zisahaulike, na viwakilishi vibaki moi, toi na lui, vile vizito vinavyoweza kusimama peke yake. Lui awe ndiye anayetenda, na lui huyohuyo awe ndiye anayetendwa, akiwekwa nyuma ya kitenzi. Kijineno kilichokuwepo tangu Strasbourg kilifutwa kana kwamba ni anasa ambayo Mwafrika hawezi kuibeba. Na jina la kijitabu chenyewe limekibeba mara moja, waziwazi, katika le parlent, "wanakizungumza".

Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba sentensi ijengwe kwa umbo rahisi linalofanana na lugha za askari, Kibambara kikichukuliwa kama kielelezo, kwa kuwa ndicho kilichoeleweka na wengi wao. Hapa inafaa tukitazame Kibambara chenyewe. "Nilimwona" kwa Kibambara ni n ye a ye, ambayo kwa kusema haraka huwa n y'a ye. N ni mimi. Ye ya kwanza ni alama ya wakati uliopita. A ni yeye anayeonwa. Ye ya mwisho ni kuona. Yambwa inakaa kabla ya kitenzi, na hivyo ndivyo Kibambara kinavyofanya siku zote, iwe yambwa ni kiwakilishi au ni nomino nzima. Sasa weka chini yake Kiswahili: ni-li-mw-ona. Kipande kwa kipande, mpangilio ni uleule. Kisha weka Kifaransa: je l'ai vu. Kijineno kimesogea hatua moja tu, kimetangulia kitenzi kisaidizi, lakini bado kiko mbele ya kitenzi kinachobeba maana.

Kwa maneno mengine, askari wa Kibambara alikuwa na sababu nzuri ya kukizoea je l'ai vu haraka. Alikuwa amelelewa katika lugha inayomtaja anayetendwa kabla ya tendo. Wakubwa zake walimficha sehemu ya Kifaransa iliyofanana na lugha ya mama yake, wakampa mpangilio usio wake wala si wao, kisha wakasema kwamba hivyo ndivyo anavyoongea. Tangu mwaka 1915 kinywaji cha kakao cha Banania kilikuwa kimeshaanza kuuzwa kwa picha ya askari anayetabasamu na maneno ya Y'a bon, na Ufaransa nzima ikajifunza kucheka.

Kuna aliyeliona jambo hili mapema. Lucie Cousturier, mchoraji aliyekuwa na nyumba karibu na Fréjus, kusini mwa Ufaransa, alijikuta jirani wa kambi za askari hao wakati wa vita. Aliwakaribisha, akaanza kuwafundisha kusoma na kuandika, na mwaka 1920 akachapisha kitabu kuhusu ujirani huo, Des inconnus chez moi. Anaeleza jinsi Kifaransa walichopewa jeshini kilivyokuwa kizuizi, na jinsi wao wenyewe walivyogundua kwamba maneno waliyofundishwa ndiyo yaliyowafanya wachekwe. Walichotaka kwake ni Kifaransa kile ambacho Wafaransa huzungumza wao kwa wao.

Miaka kumi na mitano baada ya kitabu hicho, mwaka 1935, kijana wa Senegal alifaulu agrégation ya sarufi, mtihani mgumu wa kuwapata walimu wa shule za sekondari za Ufaransa, na akawa Mwafrika wa kwanza kuufaulu. Alikuwa Léopold Sédar Senghor. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha katika shule ya sekondari mjini Tours, na kwa hiyo watoto wa Kifaransa walisahihishiwa Kifaransa chao na mtu kutoka nchi ambayo jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye kijitabu cha 1916. Tunamkumbuka zaidi kama mshairi na rais. Mimi namkumbuka pia kama mwalimu wa sarufi, na naamini alijua thamani ya kazi hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kioo chake. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyefika Zanzibar mwaka 1879, alitumia maisha yake kukiandika Kiswahili: kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, sarufi mwaka 1909, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka kati ya 1939 na 1941. Aliyetaka kukijua Kiswahili kupitia vitabu vyake alipaswa kujifunza -ki-, -zi- na -mw- ndani ya kitenzi kama zilivyo. Kenya ya walowezi nayo ilikuwa na kisetla, Kiswahili kilichonyofolewa viambishi, cha kumwamrisha mpishi na mtunza bustani. Aliyekivunja Kiswahili hapo alikuwa bwana, na mpishi hakuwa na ruhusa ya kucheka.

Kifaransa chenyewe, wakati huohuo, kimeendelea kutembea. Mwaka 1976 Talmy Givón, akitumia lugha za Kibantu miongoni mwa mifano yake, alieleza kwamba upatanisho ndani ya kitenzi huzaliwa na viwakilishi vilivyochoka na kugandamana na kitenzi. Mwaka 1981 Knud Lambrecht alichambua Kifaransa cha mazungumzo na kuonyesha vijineno vikielekea huko. Sikiliza Wafaransa wakiongea nyumbani: Je l'ai vu, ton frère, yaani "Nimemwona kaka yako". Yambwa inatajwa mara mbili, mara moja kwa kijineno na mara ya pili kwa jina, kama sisi tunavyofanya bila kufikiri. Mswahili anayesikia sentensi hiyo hahitaji kuambiwa l' inafanya nini. Inafanya kazi ya -mw-.

Ndiyo maana jedwali la safu tano silianzi siku ya kwanza ya somo hili. Naandika ubaoni nilimwona, chini yake n y'a ye, chini yake je l'ai vu, na kuwaacha watu watafute wenyewe ni nani anayetendwa katika kila mstari. Wanamwona upesi. Baada ya hapo nawaambia kwamba le lui ni mabadiliko yasiyomalizika, kwamba Regarde-le ni kanuni iliyokufa, na kwamba palikuwa na watu walionyimwa kijineno hiki makusudi kisha wakachekwa kwa kutokuwa nacho. Jedwali linakuja baada ya hayo, na linakaririwa, kwa sababu mtihani bado upo. Lakini anayelikariri anajua tayari kwamba nusu ya njia alishaitembea kabla ya kuingia darasani.